Laptopu imejaa picha za maharusi: niongeze diski gani?

Swali: Nina laptopu ya HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye diski ya GB 500. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, hasa upande wa kina mama. Sasa diski C imegeuka nyekundu, zimebaki GB 9. Fundi mmoja ameniambia aitoe diski hiyo aniwekee ya TB 1. Wa pili asema ninunue diski ya nje nisifungue mashine. Na kuna kijana karibu na feri anauza fleshi ya TB 2 kwa shilingi 1,500. Baada ya Idi nina harusi nne. Nifanye lipi? Msomaji, Likoni.

Dada yangu, kwanza hiyo fleshi usiinunue. Naanza nayo kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote, na mtu mwenye harusi nne mbele yake hukimbilia kilicho rahisi. Hakuna fleshi ya kweli ya TB 2 inayouzwa shilingi 1,500. Ndani yake mna chipu ndogo, pengine ya GB 32 au 64, na kidhibiti chake kimebadilishwa ili kiidanganye kompyuta kuwa nafasi ni TB 2. Ukiichomeka, Windows itakuonyesha TB 2 bila wasiwasi, kwa sababu Windows huamini inachoambiwa. Utanakili picha, mstari wa kijani utafika mwisho, na hutaona kosa lolote. Lakini chipu ikishajaa, kila kinachofuata ama huandikwa juu ya cha mwanzo ama hutupwa tu.

Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo na mzee aliyeweka humo video yote ya nikaha ya bintiye. Majina ya faili yalikuwepo yote, tarehe zilikuwa sawa, ukubwa sawa. Zilizofunguka ni zile za mwanzo peke yake. Majina huandikwa kwenye orodha iliyo mwanzoni mwa fleshi, kwa hivyo orodha ilisalimika, na vilivyoorodheshwa havikuwemo. Nilikaa nayo siku tatu nikijaribu kila programu ya uokoaji ninayoijua. Hapakuwa na cha kuokoa, maana data yenyewe haikuwahi kuandikwa. Kumwambia mzee yule maneno hayo kulinisumbua kuliko kazi yote ya siku tatu. Ikiwa tayari unayo fleshi au kadi unayoishuku, iko programu ya bure iitwayo H2testw: huijaza yote kisha huisoma tena, na mwisho hukwambia ukweli wake ni GB ngapi. Iendeshe ikiwa tupu, na uipe saa zake.

Sasa tuje kwa mafundi wako. Wote wawili wamekupa nusu ya jibu. Laptopu yako ina nafasi mbili za diski. Moja ni ile iliyokaliwa na diski ya sasa, ya inchi 2.5, ambayo kwa kasha lako ni ile nyembamba ya milimita 7. Ya pili ni soketi ndogo iitwayo M.2, ya kuwekea SSD, yaani diski ya chipu tupu isiyo na sahani inayozunguka, iliyo kama kijiti bapa cha ubani wa kutafuna: upana milimita 22, urefu milimita 80, na ndiyo maana madukani huitwa 2280. Laptopu nyingi za aina yako zilizokuja na diski ya inchi 2.5 zina soketi hiyo tupu kabisa, na mwenyewe hajui. Kwa hivyo anayekwambia lazima kimoja kitoke ndipo kingine kiingie, huenda hajaufungua mfuniko. Ushauri wangu ni huu: weka SSD ya M.2 ya TB 1 kwenye soketi hiyo iwe makao ya Windows na kazi unayoihariri sasa, na ununue pia diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Viwili hivyo havishindani, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Na kama mfuko unaruhusu kimoja tu mwezi huu, anza na diski ya nje. Sababu utaiona.

Lakini kwanza tupige hesabu, maana watu wengi hununua nafasi kwa kukisia. Video ya kawaida ya 1080p kutoka kamera nzuri hurekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde. Gawa kwa nane, upate megabaiti 6.25 kila sekunde, na kwa saa moja ni takriban GB 22.5. Ukirudi na saa sita za video kutoka kupamba na nikaha, hiyo ni GB 135 kwa harusi moja. Harusi nne ni GB 540, kabla hujaweka picha za kawaida, kabla programu ya kuhariri haijatengeneza faili zake za muda, na kabla hujatoa video iliyokamilika. Ukirekodi kwa 4K ya megabiti 100, zidisha mara mbili. Na usishangae ukinunua TB 1 Windows ikakuonyesha 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Ndiyo maana hata diski yako ya 500 huonekana kama 465.

Kwa hivyo TB 1 ndani ya mashine itakutosha kwa kazi iliyo mkononi, haitoshi kuwa ghala. Harusi ikishahaririwa na mwenyewe akapokea, ihame.

Kabla ya kununua angalia pia nini kimekula nafasi iliyopo. Nimeona laptopu za wahariri ambamo faili za muda za programu ya kuhariri pekee zimefika GB 80, za kazi zilizokwisha zamani. Zote hufutika kutoka ndani ya programu yenyewe, kwenye mipangilio yake. Pipa la taka nalo lina kawaida ya kusahauliwa. Folda ya Windows.old hubaki baada ya Windows kupandishwa toleo, nayo ni mzigo. Tumia WinDirStat au WizTree, zitakuchorea diski nzima uone mkubwa ni nani. Usifute kitu ndani ya folda ya Windows kwa mkono.

Sasa ile sababu ya diski ya nje kutangulia. Diski yako ya sasa yaelekea ni ya sahani inayozunguka, na mashine za 840 G3 zilitoka mwaka 2016. Kama diski ndiyo ile iliyokuja nayo, imefanya kazi miaka mingi, nusu ya umri huo ofisini kwa watu usiowajua. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari miwili: sekta zilizohamishwa, namba 05, na sekta zinazosubiri, namba C5. Zikiwa sufuri, alhamdulillahi. Zikiwa na thamani yoyote nyingine, diski imeanza kuchoka, na kazi yoyote nzito, ikiwemo hii ya kuhamisha, inaweza kuimaliza. Kwa vyovyote, hakuna bisibisi kugusa mashine hiyo mpaka kila picha iwe na nakala mahali pengine na umeifungua nakala hiyo kwa macho yako. Fungua video ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Kuona jina la faili hakutoshi, mzee yule aliyaona majina.

Diski ya nje ya kuzunguka, TB 2, inatosha kwa kazi hiyo, na kwa kila gigabaiti ni nafuu kuliko SSD. Ichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa na alama ya SS au rangi ya buluu ndani. Kwenye USB 2 ya zamani utapata megabaiti 35 kwa sekunde hivi, na zile GB 135 za harusi moja zitakuchukua zaidi ya saa nzima. Kwenye USB 3 diski ya kuzunguka hukimbia megabaiti 100 hivi, na kazi ile ile huisha kwa dakika 23.

Kuhusu kuhifadhi mtandaoni: akaunti ya Google hukupa GB 15 za bure, tena unazigawanya na barua pepe zako. Ukilipia nafasi zaidi, bado kuna kupandisha. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, GB 135 ni saa 30 mfululizo. Weka huko albamu zilizokamilika, na hata hizo kwa ridhaa ya wenyewe.

Hapo kwenye ridhaa nisimame kidogo, kwa sababu swali lako umeliuliza kama swali la nafasi, nami naliona lina kubwa zaidi. Wewe unapiga upande wa kina mama. Umo ndani ya kupamba, simu zimekusanywa mlangoni, kina mama wamevua mabuibui, na wewe peke yako ndiye uliyeruhusiwa kuingia na kamera. Kilicho ndani ya diski yako ni amana ya nyumba za watu. Laptopu ukimwachia fundi usiku mmoja, umemwachia pia kila biharusi uliyempiga. Sisemi mafundi ni wabaya, mimi mwenyewe ni fundi. Nasema usimtie mtu majaribuni wala usijitie wewe katika lawama. Kazi ya kuweka M.2 ni ya dakika 20. Kaa pale pale ifanywe mbele yako. Na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: picha ya mtu ni data yake, na anayeihifadhi kwa biashara ana wajibu wa kuilinda.

Ndiyo maana fundi akikwambia “niachie ile ya zamani, nitakupunguzia bei”, kataa. Kufuta faili hakuziondoi, huondoa tu jina kwenye orodha, na kinyume cha ile fleshi ya uongo, hapa jina limekwenda na picha yenyewe imebaki. Mtu mwenye programu ya uokoaji atazitoa jioni moja. Diski ya kuzunguka ukitaka kuitoa mkononi mwako, ifomati kwa namna ndefu: kwenye Windows ondoa tiki ya fomati ya haraka, nayo itaandika sufuri diski nzima. Itachukua saa kadhaa. SSD husafishwa kwa njia nyingine, kwa programu ya mtengenezaji wake.

Unapokwenda kununua M.2, pale Moi Avenue, Digo Road au popote unapoaminia, kuna kosa moja linalokula pesa za watu. M.2 ni umbo tu, na umbo hilo hubeba aina mbili za SSD. Yenye mapengo mawili kwenye meno yake huwa ni SATA, nayo husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde. Yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, na za kizazi cha tatu cha PCIe, ndiyo njia inayopitisha data yake, hufika 3,500. Mashine yako hupokea NVMe, chukua hiyo. Muuzaji akikusukumia ya kizazi cha nne au cha tano kwa bei ya juu, itaingia na itafanya kazi, lakini kasi ya ziada hutaiona, soketi yako haina uwezo huo. Afadhali pesa hiyo iende kwenye diski ya nje. Chukua yenye kibandiko kinachosomeka, risiti na dhamana, na uulizie skrubu ndogo ya kuifunga. Laptopu zilizotumika mara nyingi hazina skrubu hiyo, na nimekuta SSD imebanwa kwa kipande cha gundi ya karatasi ndani ya mashine inayopata joto kila siku.

Wengine wakisikia “ongeza memori” huuza RAM. RAM itakusaidia video isikwamekwame unapohariri, haitakuongezea hata picha moja ya kuhifadhi. Taja neno SSD.

Kazi yenyewe: zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu za mfuniko wa chini, kisha uchomoe kiunganishi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke. SSD huingia kwa mshazari, halafu hulazwa na kufungwa kwa skrubu. Haitaki nguvu. Ikikataa, iko upande usio wake. Ukiwasha, bonyeza F10 uingie BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, uone kama imetambuliwa.

Windows mimi ningeiweka upya kwenye SSD kuliko kunakili diski nzima ya zamani na takataka zake. Leseni ya Windows kwenye mashine hizi kwa kawaida imefungamana na ubao wa ndani, kwa hivyo ikiunganishwa na intaneti hujithibitisha yenyewe. Fleshi ya kweli ya GB 8 inatosha kutengenezea kisakinishi. Ukiamua kunakili, jua kwamba diski ya zamani ikiwa imepangwa kwa mtindo wa kale uitwao MBR, SSD ya NVMe haitawaka mpaka igeuzwe mtindo mpya, GPT, na BIOS iwekwe kwenye UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine. Watu wengi hufika hapo wakadhani SSD ni mbovu wakairudisha dukani. Na wakati wa kunakili soma mara tatu ipi ni chanzo na ipi ni pa kufikia. Mwelekeo ukikosewa, diski tupu itaandikwa juu ya iliyojaa, na hilo halina kurudi nyuma. Ukisakinisha upya, chomoa diski ya zamani kwa muda, uirudishe Windows ikishakaa.

Ikiwa Windows yako ni Pro, washa BitLocker, kufuli ya Windows inayoifunga diski nzima, kwenye SSD mpya na kwenye diski ya nje pia. Laptopu ikiibiwa kwenye matatu, mwizi atapata chuma tu. Ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi na uweke pamoja na vyeti vyako nyumbani, usiuhifadhi ndani ya mashine ile ile. Na kama BitLocker imeshawaka kwenye diski uliyonayo sasa, isimamishe kabla ya kufungua mashine, la sivyo itakudai ufunguo huo siku ya harusi.

Liko jambo la kulijua kabla hujatoa pesa. 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, ambayo haimo katika orodha rasmi ya Windows 11, na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kufanya kazi, ila siku moja utaibadilisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua M.2 ya 2280: laptopu nyingi mpya huipokea, utaichomoa hapa uichomeke kule. Pesa yako inahama nawe.

Hewa yetu nayo ina madai yake. Chumvi ya bahari na fukuto hula meno ya viunganishi na matundu ya USB, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na feni hupandisha joto la SSD mpaka inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu usiiweke juu ya kitanda unapohariri, tundu za hewa ziko chini. Diski ya nje iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na zile pakiti za kukausha unyevu zinazokuja ndani ya viatu. Iwashe kila baada ya miezi michache uone bado inasoma. Na usiisogeze inapozunguka. Sindano inayosoma huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na kishindo kimoja cha tuktuk kinatosha.

Unapovuka feri, laptopu na diski ya nakala visiwe mkoba mmoja. Ukiwa na jamaa ng'ambo ya kisiwani, mwachie diski ya pili iliyofungwa kwa BitLocker, umpelekee nakala mpya kila harusi mbili. Moto, mwizi na bomba la maji havivuki maji siku moja.

Kwa wasomaji wenye mashine nyingine: laptopu ndogo za bei ya chini zenye GB 32 au 64 aghalabu zina eMMC, chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye ubao, haibadilishwi, ni diski ya nje tu. MacBook zilizoanza kutoka mwaka 2018 pia hazifunguliwi kwa kazi hii. Laptopu za zamani zenye DVD mnaweza kuitoa DVD mkaweka kishikizo cha diski ya pili mahali pake. Pimeni unene kwanza, kuna cha milimita 9.5 na cha 12.7.

Dada, harusi zako zaanza Mfunguo Mosi. Diski ya nje inunue wiki hii. Uiache inakili usiku kucha, maana kutoa GB 400 na zaidi kwenye diski iliyochoka si kazi ya saa moja. Stima ikikatika betri itakushikilia mashine, ila iwe imejaa kabla hujaanza. M.2 iwekwe kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani ili upate siku kadhaa za kuijaribu na video ndogo ndogo. Ukishaufungua mfuniko, piga picha ya soketi ile tupu kwa karibu, meno yake yaonekane, uende nayo dukani umwonyeshe muuzaji kabla hajakufungia chochote.